Ukifika Nansio, Tazama Ziwa

Ndugu msomaji, ukitaka kwenda Nansio, panda meli bandarini Mwanza. Safari ni ya saa 3 na zaidi. Ukitokea Bunda, vuka kwa kivuko kutoka Kisorya hadi Rugezi. Ukishuka, utaona machungwa ya Ukerewe, utasikia harufu ya dagaa. Kisha simama kidogo, ulitazame ziwa. Maji hayo yana habari.

Mwezi wa Desemba 1877 wamisionari wawili Waanglikana, Luteni Shergold Smith na Thomas O'Neill, waliuawa hapa kisiwani. Mfanyabiashara Songoro aligombana na mtemi Lukonge, akakimbilia kwao. Wote wakafa pamoja. Toka siku hiyo kila mgeni aliyekuja kufanya kazi ya Mungu pande hizi alijua hatari iliyopo.

Mapadre Weupe walifika Buganda mwaka 1879. Hakuna aliyewalazimisha, waliacha kwao kwa hiari. Lakini mwaka 1882 moyo wa Kabaka Mutesa uligeuka, wakahofia maisha yao na ya watoto waliowakomboa utumwani. Wakaingia mitumbwini, wakavuka ziwa kuja kusini. Walifikia kwanza Kageyi, ng'ambo ya ghuba ukiwa hapa Nansio, halafu wakajenga Bukumbi, kusini ya Mwanza ya leo. Je, walikuwa waoga? La! Bwana wetu mwenyewe, angali mtoto, alipelekwa Misri usiku. Mchungaji akifa bure, kundi halifaidi kitu.

Lakini fikiri, msomaji, juu ya wale walioachwa. Walikuwa wachache, waliobatizwa juzi tu. Hapana padre, hapana Misa, hapana kitubio. Ungefanyaje wewe? Yosefu Mukasa aliwafundisha vijana wa ikulu. Matia Mulumba alifundisha kule Singo. Andrea Kagwa naye hakunyamaza. Mutesa alikufa mwaka 1884. Mwanawe Mwanga akawaita mapadre, nao wakarudi mwaka 1885. Walidhani watakuta majivu. Wakakuta moto unawaka, na wanafunzi wameongezeka! Mashujaa hao watatu waliuawa mwaka 1885 na 1886, na Papa Paulo VI akawatangaza Watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964.

Mambo haya hayakwisha. Mwaka 2020, kwa ajili ya korona, Marekani iliwarudisha nyumbani vijana wake wa kujitolea wa Peace Corps kutoka nchi zote, na Tanzania pia. Mwalimu alifunga sanduku, darasa likabaki.

Basi, wewe uliye katika kigango cha mbali, siku padre au mwalimu mgeni akiondoka, mfungie chakula cha njia, umsindikize kwa sala, wala usimlaumu. Halafu Jumapili piga kengele kama kawaida, kusanya watoto, fundisha Baba Yetu. Akirudi, asikute mlango umefungwa.