Kukagua Mali ya Mkwe

Agosti 2023 nilikwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, kumtazama mjukuu. Binti yangu ameolewa huko na mwalimu wa Kikurya. Mtu wa Unguja akishafika Musoma hudhani safari imekwisha. Kumbe mwenyeji wangu alikuwa na jamaa Tarime ambao ilikuwa lazima niwasalimu kwanza. Tukapanda hadi Tarime, tukalala katika baridi ambayo koti langu la Ijumaa halikuiweza, na siku ya pili tukafuata njia ya Nyamongo, penye machimbo ya dhahabu, tukavuka Mto Mara, na tukaingia Mugumu tukiwa wekundu kwa vumbi tangu kope hadi kandambili.

Sikwenda kununua kitu. Lakini mjomba wa mume wa binti yangu ni mpiga picha wa siku nyingi, na jioni ya pili, baada ya chai, alitaja kwamba anauza lenzi kwa bei ya kutupa. Nilinyamaza. Sina budi nieleze kwa nini neno hilo lilinishitua.

Mwaka 2007, huko Pemba, bibi mmoja aliniruhusu nizipige picha karatasi za utendi alizorithi kwa babu yake, zimeandikwa kwa hati za Kiarabu, wala sijapata kuuona utendi ule mahali pengine. Kamera yangu ilikuwa na lenzi niliyoinunua mkono wa pili kwa mtu niliyemheshimu. Aliniapia kuwa ni nzima, na mimi nikaona haya kuitia tochi mbele yake. Katika kile kioo kidogo cha kamera picha zote zilionekana safi. Nilipofika nyumbani na kuzikuza, niliona kwamba kila ukurasa umefifia upande mmoja, ule wa kushoto, kama uliopuliziwa pumzi. Nilijiambia nitarudi. Sikurudi mapema. Masika ya mwaka uliofuata paa lilivuja, karatasi zikagandamana, na bibi mwenyewe hayupo tena.

Wapenzi wa ushairi wataelewa hasara ile ilivyo. Katika miswada mingi ya tendi, ubeti mzima huandikwa katika mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo kushoto kabisa ndiko kiliko kina cha bahari, kile kisichobadilika tangu ubeti wa mwanzo hadi wa tamati. Utendi ule kina chake ni -ya. Nina beti 163, na katika zaidi ya mia moja najua ubeti unaishia kwa silabi gani, ila neno lenyewe silijui. Nimejaribu kuyajaza. Mtu aliyezoea kutunga halimpi tabu neno lenye kuishia -ya, na hiyo ndiyo hatari yenyewe: usiku mmoja nilijaza beti ishirini, zikapendeza, na asubuhi nikawa siwezi tena kukumbuka lipi la marehemu na lipi langu. Nikazifuta zote. Tafsiri yake ingali na matundu.

Sasa, mwaka 2022 mjukuu wa yule bibi aliniletea habari kwamba karatasi nyingine kumi na nne za mkono ule ule zimeonekana Wete, kwa shangazi yake. Ndiyo maana nilinyamaza pale Mugumu na kikombe mkononi.

Lenzi ilikuwa ya milimita 60, ya kupigia vitu vya karibu, na ya chapa ile ile ya kamera niliyokuja nayo. Mgeni mmoja aliyekuwa akipiga picha za vidudu na maua alimwachia mzee miaka kadhaa nyuma. Punguzo lake lilikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, mota inayoizungusha ili ilenge yenyewe imekufa, hivyo lazima uilenge kwa mkono. Kwa karatasi iliyotulia juu ya mkeka hilo si kosa. Ya pili, hapana mnunuzi. Ulimwengu umeijua Serengeti kwa lenzi. Bernhard Grzimek na mwanawe Michael waliipiga filamu yao kutoka angani. Mwana akafa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959, na filamu ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Hadi leo, Julai hadi Oktoba, nyumbu wanapovuka Mto Mara, wageni hupanga ukingoni lenzi ndefu kama mitutu. Anayetaka kuona jambo lililo umbali wa shibiri moja ni nadra.

“Laki mbili na nusu,” alisema mzee. “Kwa mwingine ningesema nne. Kagua.”

Nikaishika, nikaigeuza mara moja, nikasema ni nzuri. Ningewezaje kumkagua mkwe, nami nimekula chakula chake?

Alinitazama. “Mkwe, wewe unaangalia kama mtu anayechumbia. Angalia kama mtu anayenunua. Mnadani ng'ombe hufunuliwa mdomo, akahesabiwa meno, akatembezwa, na mwenye ng'ombe yuko pale pale. Huona fahari, haoni haya.” Akamtuma kijana alete tochi.

Basi nikakagua. Kwanza ukingo wa mbele, kama umebonyea, maana lenzi iliyoanguka haisahau. Kisha vichwa vya skrubu: vikiwa vimechubuka, ujue imefunguliwa na fundi au na asiye fundi. Nikauzungusha mtambo wa kulengea mwanzo hadi mwisho, nikisikiliza kama una mchanga. Nikavifungua na kuvifunga vile vipande vyembamba vya chuma vinavyopunguza mwanga. Vikiwa na mafuta hunata na kuchelewa. Vilikuwa vikavu. Kisha gazeti. Tulilibandika ukutani penye mwanga wa mlango, nikaisimamisha kamera sawa kwa sawa, tundu la mwanga wazi kabisa, nikapiga, nikazikuza pembe nne moja baada ya moja. Halafu nikaipindua kamera kichwa chini na kupiga tena, jambo ambalo mwaka 2007 sikulijua: sehemu iliyofifia ikihamia upande wa pili wa gazeti, kosa ni la lenzi, ikibaki pale pale, kosa ni lako wewe uliyeisimamisha kamera upogo. Herufi za pembe zote zilisomeka, hata matangazo ya vifo. Nilitazama kushoto mara tatu.

Tochi niliiacha mwisho. Niliielekeza kwa nyuma, ubavuni kidogo, nikachungulia kwa mbele. Vumbi lilikuwapo, na vumbi halina neno. Lakini karibu na ukingo wa kioo cha ndani kulikuwa na nyuzi mbili tatu nyeupe, nyembamba kuliko za buibui. Kuvu. Nikaizima tochi.

“Umeona kitu,” alisema mzee. “Mbona umenyamaza?”

“Ni kidogo.”

“Kidogo kiasi gani?”

Nimewahi kuzisifu diwani tatu za vijana kwa adabu ya namna hii hii, na hadi leo watungaji wake hawajui kwa nini sikuzitaja tena. Nikamwonyesha. Alichungulia kwa muda mrefu, jicho moja kalifumba, na niliona kwamba hakuwa akijua. Nilimweleza kwamba kuvu hupenda giza na unyevu, hutoa asidi inayoula utando wa kioo, na kwamba kwa sasa picha haidhuriki. Ila hewa kavu ya huku imeidumaza, na mimi naipeleka baharini.

“Basi mgonjwa huyu,” alisema. “Usimtie zizi moja na wenzake. Laki moja na themanini.” Nilitaka kupinga, binti yangu alinikanyaga mguu.

Tangu siku ile lenzi inalala peke yake katika kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya. Nyuzi nazitazama kila mwezi. Sikungoja masika. Januari 2024, kaskazi ikivuma na hewa kavu, nilikwenda Wete. Yule shangazi hakutaka karatasi zitoke nje ya nyumba, na alikuwa na haki, basi tukatandika mkeka karibu na mlango. Nilipiga ukurasa wa kwanza, nikaukuza pale pale, nikaenda moja kwa moja upande wa kushoto. Nikamsomea neno la mwisho la ubeti wa kwanza, kisha la ubeti wa pili. Penye la tatu alinizuia, akavaa miwani yake na kuinamia kamera: nukta nimeisoma juu, nayo iko chini.

“Kuza tena,” alisema.