Mtoto anayeuliza bei kwanza

Desemba tukiwa likizo Mombasa niliwapeleka watoto wa dada yangu duka la vitu vya kuchezea, kule Nyali. Kila mmoja nikamwambia ana thao moja, achague mwenyewe. Yule wa miaka minne alikimbilia tingatinga la njano, akaanza kuliendesha sakafuni, mlio anatoa kwa mdomo. Mkubwa, ana miaka nane, alikuwa anageuza kila doli kuangalia bei kabla hata ya kuitazama usoni. Akarudi na penseli za rangi za mia mbili. "Hizi zinatosha, anti. Zinazobaki mpatie mama za unga."

Keshia akacheka, "Huyu ana adabu kweli!"

Mimi nakataa. Hiyo si adabu. Mtoto anajua bei ya unga kwa sababu sisi wakubwa tunaongea madeni yeye akiwa hapo hapo anakula, halafu tunamsifu eti hasumbui. Jamani, si mngoje walale?

Nikamwambia pesa ya unga iko kando (haikuwa), arudi achague. Alichukua dakika ishirini. Akaleta doli yenye nywele za kusuka, na bado akauliza kama inaweza kurudishwa.