Mbegu ya Tikiti Kando ya Ziwa

Sisi watu wa pwani tumelizoea tikiti maji likiwa limekwisha kukatwa, limewekwa kando ya tende wakati wa futari. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akila tikiti pamoja na tende mbivu. Hata hivyo, wachache miongoni mwetu tumewahi kuuliza mbegu yake huhifadhiwa na nani. Safari yetu ya Homa Bay na Migori ilitupa jibu.

Kutoka Kisumu tulipitia Katito hadi Kendu Bay, mji mdogo kando ya Ziwa Viktoria ambako adhana si jambo geni. Tulikirimiwa na mama mmoja mjane, Mjaluo na Muislamu, mwenye kijishamba karibu na ziwa. Mbegu yake aliirithi kwa mama mkwe wake.

Masika, jirani zake hupanda mahindi. Yeye tikiti hulingojea mvua za vuli, ambazo ni fupi. Tunda hili huhitaji kiasi cha siku 75 hadi 90, na mvua ikizidi wakati wa kuiva, hupasuka na utamu huchujuka. Kwa hiyo hupanda mapema Oktoba katika vishimo vyenye samadi iliyooza, ili maua yapate maji na matunda yapate jua la mwisho wa mwaka.

Alitusimulia kwamba mwaka mmoja aliiacha mbegu yake akanunua chotara dukani. Mavuno ya kwanza yalikuwa mazuri, akaweka mbegu. Msimu uliofuata kila mtambaa ulizaa namna yake: haya meupe ndani, yale hayana ladha. Karo ya watoto ikakosekana. Hapo ndipo alipojua kuwa chotara hakirudii sura ya wazazi wake. Alhamdulillahi, chupa moja ya mbegu ya mama mkwe ilikuwa ingali jikoni.

Tangu hapo huilinda kwa mkono wake. Jioni hulifunga kwa uzi ua la kike, lile lenye kitunda kidogo chini yake, na ua la kiume, kabla hayajachanua. Alfajiri huyafungua, huyasuguanisha, kisha hulifunga tena la kike ili nyuki asilete chavua ya shamba jingine. Tunda hilo hutiwa alama, haliuzwi. Likishaiva mno, mbegu huoshwa, hukaushwa kivulini na kuchanganywa na jivu.

Tulipoendelea kupitia Rongo na Awendo hadi Migori, tukateremka Nyatike ambako Mto Kuja unamwaga maji yake ziwani, tuliyaona mashamba makubwa zaidi ya tikiti. Huko nako wakulima walizungumzia sheria ya mbegu ya mwaka 2012, iliyofanya kubadilishana mbegu zisizosajiliwa kuwa kosa lenye adhabu ya kifungo au faini ya hadi shilingi milioni 1. Novemba 2025 Mahakama Kuu iliyabatilisha masharti hayo.

Tulipoagana, mama yule alitutilia mbegu katika kitambaa, akasema, "Msizile zote, wanangu. Mkipata tunda zuri, mpeni na jirani." Nasi twawausia dada zetu wenye viwanja vidogo nyuma ya nyumba: kabla ya kuvitupa vijiwe hivyo vyeusi vya futari, ulizeni kwanza vimetoka kwa mama gani.