Buji ya njia ya Banalia

Katika likizo ya Pasaka tulikwenda Banalia, mama watatu wa chama chetu na vijana wawili wa kutuendesha, na tulirudi na matope mpaka kwenye nywele. Mliobaki mnatuuliza habari za mto, samaki na mchele. Zitakuja. Tuanze na kitu kisichozidi kidole kwa urefu, maana ndicho kilichotulaza njiani: buji, ambayo wenzetu wa Tanzania na Kenya huiita plagi.

Mnajua kwa nini tulikwenda. Mama wa kikundi kimoja cha kule wamefanya likelemba mwaka mzima, wanataka kununua pikipiki kama yetu. Mchana ibebe abiria na kuleta franka, usiku ikae tayari kwa mjamzito au mtoto mwenye homa. Hawaombi hivyo kwa kupenda makuu. Septemba 2021 serikali ilipotangaza ugonjwa wa uti wa mgongo, yaani meningiti, eneo lililotajwa lilikuwa hilo lao la Banalia, na siku ya tangazo wagonjwa walioshukiwa walikuwa 261, na waliokufa 129. Karibu nusu. Meningiti haingojei. Mtoto anaumwa kichwa asubuhi, shingo inakakamaa, na saa za kumfikisha kwenye dawa ni chache. Mama aliyetuandikia alisema walikuwa wakibeba wagonjwa kwa baiskeli, mmoja anasukuma, mmoja anamshika mgonjwa asianguke.

Basi tukaondoka na pikipiki mbili, ya chama na ya kuazima. Ukiisha kuvuka daraja la Tshopo, Kisangani inabaki nyuma upesi. Mpaka Bengamisa tulikuwa bado tunaimba. Toka Kisangani mpaka Banalia ni kilomita 128, na mtu wa mjini akisikia namba hiyo anadhani ni saa tatu. Msitu unasogea barabarani, lori lililokwama limechimba shimo la maji mekundu, dereva anashuka, abiria wanashuka, mnasukuma. Halafu mnapanda tena na kwenda pole, injini ikilia bila mwendo. Nguo nyeupe usivae.

Tulikuwa tumepita nusu ya njia pikipiki ya chama ilipoanza kukohoa. Ikakohoa, ikashika, ikakohoa, ikazima katikati ya dimbwi. Kijana wetu, mtoto wa dada wa mama mweka hazina, akapiga stata kwa mguu mpaka jasho likamdondoka kidevuni. Hakuna. Mvua ikaanza. Tukaisukuma mpaka kijiji cha mbele, wakatupokea vizuri kwa sombe na ndizi, tukalala watatu kwenye mkeka mmoja. Mungu awabariki.

Asubuhi wakatuitia fundi, mzee anayetengeneza pikipiki chini ya mwembe. Hakugusa kabureta wala nyaya. Alifungua buji, akaiangalia kama mwalimu anavyoangalia daftari la mtoto mvivu, akatuonyesha. Nyeusi tii, na masizi makavu kama ya sufuria ya kuni. Akauliza, «Hii nani aliichagua?» Kijana akainama.

Ukweli ukatoka. Siku mbili kabla ya safari tulimpa franka anunue buji mpya. Yeye kila usiku huangalia kwenye simu mashindano ya magari ya Marekani, yale ya kukimbia kwenye mstari ulionyooka, mawili mawili. Sokoni akaona paketi yenye picha ya gari la namna hiyo. Muuzaji akamwambia, hii ni ya mashindano, ina nguvu. Akaongeza na pesa yake mwenyewe, maskini, ili mama zake wafike upesi.

Tulitaka kumkemea, lakini mzee alitutangulia kwa somo, na sisi tunaofundisha tulikaa kwenye benchi kama wanafunzi. Tunawapa kama tulivyolielewa, na mengine tumeyasoma baadaye.

Buji haina nguvu ya kuongeza. Kazi yake ni kutoa cheche, basi. Tofauti kati ya buji na buji ni joto. Ncha yake ya kauri ikiwa ndefu, joto lina safari ndefu kufika kwenye chuma cha injini, na ncha inabaki na moto. Ikiwa fupi, joto linatoka upesi na ncha inabaki baridi. Ncha inapaswa kufika kama digrii 500 ili ichome masizi yake yenyewe. Isipofika, masizi yanajikusanya, umeme unapita kwenye masizi badala ya kuruka, na cheche hakuna. Ikipita digrii 850 hivi, ncha inakuwa kaa, inawasha petroli kabla ya wakati wake, na pistoni inaweza kutoboka.

Sasa gari la mashindano linachoma mafuta mengi kwa nguvu zote, kwa hiyo wenyewe wanachagua buji baridi. Sisi tuliiweka hiyo kwenye pikipiki ya kubeba mama na magunia, inayotambaa matopeni. Haikupata joto hata siku moja. Na yale magari makubwa kabisa ya Marekani, kijana alitusomea kwenye simu, yana buji 16, mbili kwa kila silinda, yanamaliza mita 305 kwa chini ya sekunde nne, na kabla hawajafika mwisho ncha za buji zimekwisha kuliwa na moto. Injini inaendelea kwa joto lake tu. Kila mbio zikiisha wanaweka mpya. Mama mweka hazina akauliza nani analipa. Hakujibiwa.

Namba basi. Pikipiki nyingi za Kichina tunazopanda zina injini iliyonakiliwa kutoka Honda CG125, pikipiki iliyotoka mwaka 1976 na kutengenezwa makusudi kwa watu wasio na muda wa kuihudumia. Injini hiyo kwa kawaida inataka buji ya NGK D8EA, au ya kampuni nyingine inayolingana nayo. D ni upana wa nyuzi za skrubu, milimita 12. 8 ni daraja la joto. E ni urefu wa nyuzi, milimita 19. Kwa NGK namba ikipanda, buji inazidi kuwa baridi. Kwa Bosch na Champion ni kinyume, namba ikipanda ni joto zaidi, kwa hiyo usibadilishe kampuni kwa kufuata namba. Kama pikipiki yenu ni ya injini nyingine, angalieni kitabu chake, au pelekeni buji ya zamani sokoni mkalinganishe herufi moja moja.

Na za bandia ziko nyingi. Paka kidole mate, usugue maandishi, yakifutika, rudisha. Kipete cha chuma kikitoka chenyewe mkononi, rudisha. Chungulia ncha ya katikati, na kama imepinda, rudisha.

Mzee alikuwa na buji ya zamani ya namba yetu. Akaisafisha, akapima nafasi ya cheche kwa wembe wa msumeno wa chuma, maana unene wake ni karibu na ile milimita 0.6 au 0.7 inayotakiwa. Akaikaza kwanza kwa vidole mpaka ikome, ndipo akatumia ufunguo, kidogo tu. Anayeanza na ufunguo ataharibu nyuzi za kichwa cha injini, na hiyo si franka za mboga tena. Kijana akapiga stata mara moja. Sisi Wakisangani tunaiita pikipiki «moto», na asubuhi ile jina lilitufurahisha.

Tulifika Banalia saa nane mchana. Aruwimi pale ni mpana, rangi ya chai, na barabara ya Buta inafika majini. Magari yanangoja kivuko, watu wanavuka kwa mitumbwi. Ni mto uleule ambao juu unaitwa Ituri, na chini unaingia Kongo pale Basoko. Wanafunzi wetu wa historia wanajua jina la Banalia kwa sababu ya wenzake Stanley. Mwaka 1887 aliwaacha nyuma Yambuya, wangoje wapagazi 600 walioahidiwa na Tippu Tip. Walingoja karibu mwaka mzima, wengi wakafa kambini. Mkubwa wao Barttelot aliuawa hapo Banalia Julai 1888, alipomwendea kwa hasira mwanamke aliyekuwa akipiga ngoma alfajiri. Mume wa mwanamke akampiga risasi. Mama za Banalia walicheka tulipowasimulia, kisha mmoja akasema kungoja usafiri hapa hakukuanza jana.

Mkutano ulichukua siku nzima. Ubishi mkubwa ulikuwa huu: buji, oili na chujio la hewa vinunuliwe na dereva au na sanduku? Sisi tulikuwa tunamwachia dereva, na mmeona. Wao waliamua sanduku linunue, namba iandikwe kwenye daftari la fedha, na buji moja nzuri ifungwe kwenye plastiki chini ya kiti, isiguswe ila njiani. Kila mwezi mama wawili wasimame buji ya kazini inapofunguliwa. Ikiwa rangi ya kahawa ya maziwa, injini ni nzima. Masizi makavu, angalieni chujio na namba. Nyeusi yenye mafuta, injini inakula oili, iteni fundi. Nyeupe, inachemka, simamisheni kazi. Tunaomba jambo hilo lijadiliwe kwetu pia Alhamisi.

Kijana wetu hajafukuzwa. Ile buji ya mashindano ameining'iniza kwenye funguo zake.

Mchele ulifika. Mlioandika majina njooni Jumamosi na mifuko yenu. Mfuko mmoja ulilowa, tumeuanika kwa mama katibu na huo utauzwa nusu bei.