Muhuri wa Mkate

Ndugu msomaji, siku utakapofika Matera, katika mkoa wetu wa Basilicata kusini mwa Italia, usianze na picha. Anza na mkate. Utauona umeumuka kama kilima, ganda lake gumu, na ndani una rangi ya manjano ya ngano ya huku kwetu.

Zamani bibi zetu walikanda unga nyumbani, kisha donge likapelekwa kwenye tanuri la mtaa. Ili mikate isichanganyike, kila familia ilikuwa na muhuri wake wa mti, uliochongwa kwa mkono, ukapigwa juu ya donge kabla ya kuokwa. Hata fukara alikuwa na alama yake.

Wengi wa wenye mihuri hiyo waliishi Sassi, mitaa ya nyumba zilizochimbwa mwambani, watu na punda wao chumba kimoja. Mwaka 1952 serikali ilipitisha sheria ya kuwahamisha, na watu wapatao 15,000 wakahamia nyumba mpya. Mitaa yao ilikuwa imeitwa aibu ya taifa. Mwaka 1993 UNESCO iliitangaza mitaa hiyo hiyo kuwa urithi wa dunia, na sasa wageni hulipa fedha nyingi kulala mapangoni.

Karibu basi, ndugu msomaji; nawe lala pangoni ukipenda. Lakini utakapouziwa muhuri dukani kama pambo, ukumbuke mkono uliokuwa ukiushika. Nyumba ilikuwa duni. Mwenye nyumba hakuwa duni.