Bastola ya Upepo na Mjukuu wa Urambo

Wasomaji wa Sherlock Holmes mnaikumbuka ile bunduki ya upepo. Katika hadithi ya "The Empty House" ya mwaka 1903, Arthur Conan Doyle anamrudisha Holmes duniani, na adui anayemvizia anatumia bunduki isiyo na kishindo, kazi ya fundi kipofu wa Kijerumani aitwaye Von Herder. Tunaambiwa hivyo tu, tunaamini, tunafungua ukurasa unaofuata. Hakuna anayemuuliza Doyle springi ilikaa wapi. Ndiyo raha ya hadithi: kitu kikishaandikwa vizuri, hakidaiwi kufanya kazi.

Chuma kinadaiwa. Hilo nililiona Birmingham, mwaka niliokaa huko kimasomo. Jirani yangu, mzee mmoja mstaafu wa kiwandani, alikuwa akitengeneza bandani kwake nakala ya bastola ya upepo ya Webley, toleo la kwanza, la mwaka 1924. Si pambo la kuweka kabatini, jamani. Alitaka ifyatue. England haidai leseni kwa bastola ya upepo yenye nguvu ndogo kama hiyo. Scotland ndiyo inayodai, tangu mwisho wa 2016.

Kwa aliyewahi kujaza baiskeli upepo, si kitu cha ajabu. Ni pampu iliyotiwa springi. Mtutu umelala juu ya silinda. Unaunyanyua na kuuzungusha, na hapo ndipo unapoibana springi. Ukivuta kifyatulio, springi inaisukuma pistoni, hewa inabanwa ghafla, inakosa pa kutokea isipokuwa nyuma ya kirisasi cha milimita 4.5. Utamu wake ni huu: pistoni inarudi nyuma, kwa mpigaji, wakati risasi inakwenda mbele. Kwa mpangilio huo bastola inakuwa fupi, inakaa mkononi.

Kuyaelewa haya kwa kusoma ni dakika 5. Mzee alikuwa kwenye mwaka wa pili. Aliazima bastola halisi, akaifungua, akapima kila kipande. Lakini vipimo humwambia mtu kiasi gani, havimwambii kwa nini. Kile kitundu cha kupitishia hewa, kwa nini kiwe chembamba vile? Akakitanua kidogo kwenye nakala yake, kujaribu. Risasi ikatoka kwa uvivu, ikaanguka hatua chache tu mbele yetu. Akatengeneza kipande kingine, safari hii kwa kipimo cha wenyewe. "Kumbe walijua," akasema. Ndivyo alivyokuwa, kila siku anabishana na watu waliokwisha kufa, na mara nyingi wanamshinda.

Yeye ndiye aliyenieleza kwa nini kampuni ya bastola za baruti iligeukia upepo. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, sheria ya silaha ya 1920 iliwabana raia wasinunue bastola za kweli, na Webley walihitaji kitu cha kuwauzia. Akanielekeza pia eneo la Gun Quarter, lilikokuwa na karakana za mafundi bunduki tele, Webley wakiwa miongoni mwao.

Nilikwenda, nikatembea. Na hapo ndipo habari niliyotaka kuiandika ilipoanza kunisumbua.

Maana karne ya 18 na ya 19, Birmingham ilikuwa kati ya miji mikuu ya kutengeneza bunduki za kupelekwa Afrika, na nyingi zilibadilishwa na watu. Mama yangu ni wa Urambo. Mji ule umebeba jina la Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884, na nguvu yake ilitegemea bunduki za kigeni zilizopanda bara na misafara kutoka pwani, zile zile zilizolipiwa pembe za ndovu na binadamu. Bibi alikuwa akituonyesha ukutani mahali liliponing'inia gobore la babu yake. Alipaonyesha kwa fahari, kisha ananyamaza.

Nikamuuliza mzee, bila kuzunguka. Akaweka tupa chini. Akanisimulia kuhusu Samuel Galton, tajiri wa bunduki wa hapo Birmingham, muumini wa dhehebu la Quaker, watu wasiotaka vita. Mwaka 1796 waumini wenzake walimtenga kwa sababu ya biashara yake. Naye alijitetea kwamba kutengeneza si kutumia.

"Na wewe, mzee, unasemaje?"

"Mimi nimefanya kazi kiwandani miaka 40 nikijiambia hivyohivyo. Kuna vipande nilivitengeneza, sikuwahi kuuliza vinakwenda wapi." Akaishika tena tupa.

Jioni moja ya mwezi Machi bastola ilikubali. Alipiga yeye kwanza, kisha akanipa. Nililenga kopo la maharage, nikalipata. Nilifurahi, nasema kweli, na furaha ile ikanikera palepale, kwa sababu mkono wangu haukuuliza swali lolote.

Mzee hakugonga jina la Webley kwenye chuma. Aligonga mwaka aliomaliza na herufi mbili za jina lake. Nakala isiyojitaja kuwa nakala, alisema, ni uongo wenye kifyatulio.

Nikaandika. Mhariri mmoja niliyempelekea aliipenda sehemu ya banda, ya springi, ya kopo la maharage. Akaomba nitoe Galton na Urambo. Wasomaji wanataka mzee na bastola yake, akasema, hayo mengine yanawachanganya. Nilimjibu kwamba hata mzee alijaribu kuona kama kitundu kimoja kinaweza kuwa vingine, na bastola ikakataa kufanya kazi.

Kule haikutoka. Ndiyo hii mliyoisoma.