Kisanduku cha Aliye Hai na Kilima cha Aliyekufa

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Kitabu chake tutembee katika ardhi, tutazame ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia. Wengi wetu tuisikiapo amri hiyo huikumbuka Misri na mapiramidi yake, au Al-Hijr walikokaa Thamud. Lakini ardhi ya Mungu ni pana, na mazingatio yake hayakuwekwa upande mmoja tu. Mwezi huu twapenda kuwapasha khabari za Sakai, mji wa Japani uliopakana na Osaka kwa upande wa kusini.

Watu wa pwani yetu wana shughuli nyingi na Japani, kwani magari mengi yaliyokwisha kutumika huko ndiyo yapitayo katika barabara zetu. Mpwa wetu ni mmoja wa wafanyao biashara hiyo, naye ndiye aliyetualika tufuatane naye. Alikusudia kutupangia chumba katika hoteli kubwa. Tukamwambia, "Mwanangu, fedha hii ni ya biashara, na wanaokudai hawajalipwa. Tupeleke unakolala ukiwa peke yako." Akacheka, akasema, "Mjomba, mimi hulala sandukuni."

Na kweli ni sanduku. Nyumba hizo huitwa hoteli za kapsuli, na ya kwanza ilifunguliwa Osaka mwaka 1979, ikiwa imebuniwa na msanifu mashuhuri Kisho Kurokawa. Kila mgeni hupewa kijumba chenye urefu wa kama mita 2, na upana na kimo cha kama mita 1. Vijumba hupangwa kimoja juu ya kingine, mfano wa mashubaka ukutani. Ndani mna godoro, mto, blanketi, taa na tundu la hewa. Mtu aweza kukaa kitako, lakini kusimama hawezi. Mlangoni pana pazia tu, wala hapana kufuli. Mizigo huwekwa katika kabati dogo lenye ufunguo. Viatu huvuliwa mlangoni kama tuvuavyo msikitini. Usiku ule tulikuwa watu wengi katika ukumbi mmoja, wala hatukusikia mtu akipaza sauti. Adabu ile ya kumhurumia jirani aliyelala ni adabu tuliyofundishwa sisi, nasi twapaswa kuona haya tukiiona imeshikwa zaidi na wengine.

Vijana watauliza kama yafaa Mwislamu kulala huko. Jawabu letu ni kwamba yafaa, akijihadhari. Kwanza aulize kabla ya kulipa: nyingi ni za wanaume peke yao, na nyingine hutenga orofa ya wanawake. Pili, desturi ya Wajapani ni kuoga pamoja uchi katika bafu kubwa, nasi tumeamrishwa kusitiri tupu zetu. Basi achague nyumba yenye mabafu ya faragha, nazo zipo. Tatu, katika kijumba hakuna kisimamo cha sala. Sisi tulimwomba mlinzi kwa heshima, akatuonyesha pembe tulivu karibu na makabati, tukatandika mswala. Na msomaji akumbuke kwamba kibla cha huko si kaskazini kama tulivyozoea pwani, bali ni magharibi kwa kuinamia kaskazini kidogo.

Asubuhi tulipanda treni kutoka kituo cha Tennoji mpaka kituo cha Mozu, na kutoka hapo tukatembea kwa miguu. Katika nchi hiyo wafalme na wakubwa wa zamani walizikwa chini ya vilima vya udongo viitwavyo kofun. Vilima 49 vya Sakai na vya miji ya jirani viliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2019. Kilicho kikubwa kupita vyote ni Daisen, kilichojengwa karne ya 5, kabla ya kuzaliwa Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Urefu wake ni mita 486, na kimezungukwa na mahandaki matatu ya maji. Njia ya kukizunguka yakaribia kilomita 3. Mwaka 1985 wajenzi wa Kijapani walipiga hesabu, wakaona kwamba kwa zana za zama zile kazi hiyo ingewachukua watu wasiozidi 2,000 kwa siku, kwa muda wa miaka 15 na miezi 8.

Basi tulipofika tuliona nini? Tuliona maji na miti. Umbo lake, ambalo ni kama tundu la ufunguo, halionekani kwa aliyesimama chini. Hapana ruhusa ya kuingia. Mgeni hukomea mbele, penye lango la heshima, akatazama kwa mbali. Wako waliofika wakainama. Sisi hatukuinama, kwani kuinama kwetu kuna Mwenyewe. Wala hatukucheka wala kupaza sauti, kwani kumdharau aliyekufa si katika dini yetu.

Lakini lililotushika zaidi ni hili. Serikali ya Japani yalihesabu kaburi hili kuwa ni la Mfalme Nintoku, na wataalamu wa mambo ya kale hawajaafikiana kama kweli aliyezikwa humo ni yeye. Zingatieni, ndugu zetu! Kilima cha mita 486, jasho la maelfu ya watu, mahandaki matatu, na jina la mwenyewe lingali likibishaniwa.

Hapo mpwa wetu alinyamaza kitambo kirefu. Baba yake, shemeji yetu, alifariki mwaka uliopita, na kijana alikuwa akiweka akiba ili amjengee kaburi la marumaru lenye ukuta na paa. Mama yake alikataa. Kijana akaona kwamba mama hamtakii marehemu heshima, na kwa miezi mingi wakawa hawasemezani ila kwa salamu. Twayaandika haya kwa idhini yake.

Akatuuliza, "Mjomba, nikimwacha baba chini ya mchanga mtupu, watu watasemaje?"

Tukamwambia kwamba Mtume (S.A.W.), kama alivyopokea Jabir katika Sahihi ya Muslim, amekataza makaburi kupakwa chokaa na kujengewa. Tukamwambia pia kwamba amali ya mwanadamu hukatika afapo, isipokuwa sadaka iendeleayo, elimu inufaishayo na mwana mwema amwombeaye. Marumaru haimo katika matatu hayo. Tukaongeza, "Wewe usiku wa jana ulilala mahali pa mita 2 kwa 1, na usingizi ukakujia. Kadiri ile ndiyo aliyonayo baba yako sasa, na ndiyo tutakayopewa sisi sote. Alicho na haja nacho si nafasi, bali ni dua, na radhi ya mama yako juu yako."

Hakutujibu. Tulirudi Osaka, tukasali Isha, kila mmoja akaingia kijumbani mwake, yeye chini na sisi juu. Taa zilipokwisha kuzimwa, sauti yake ikatujia nyuma ya pazia, kwa kunong'ona: "Mjomba, kuchimba kisima pale madrasa kwagharimu kiasi gani?" Tukamwambia, "Kesho mpigie simu mama yako, umuulize yeye."

Enyi vijana, msafiripo msione haya kulala mahali padogo. Fedha mtakayobakisha ina wenyewe: wazee wenu, wanaowadai, na maskini wa mtaani kwenu. Nanyi wazee, msiwalazimishe watoto wenu kushindana na majirani kwa nyumba, kwa arusi wala kwa makaburi. Aliye hai humtosha kijumba cha usiku mmoja, na aliyekufa hakumtoshi kilima chote ikiwa hakutanguliza kitu. Mwenyezi Mungu awarehemu maiti wetu, azipanue kaburi zao kwa nuru, na atujaalie tuwe wenye kuzingatia. Amin.